Marhumu babu alikuwa mkali. Niandike hivyo?

Msomaji wa Wete, Pemba, mwalimu wa skuli, amepewa na familia kazi ya kuandika maisha ya babu yake, ili yasomwe siku ya khitma kisha yabaki kwa wajukuu. Babu alikuwa nahodha wa jahazi. Mwalimu aliandika "babu alikuwa mtu mkali". Ami yake akalifuta neno hilo akaweka "mpole", akisema maiti hatajwi kwa ukali. Binamu mmoja akapendekeza "mkavu", mwengine akaleta "shadidi" kwa kuwa linasikika la kisomi. Anauliza lipi liandikwe. Ameongeza na la pili: mbona tunasema upepo mkali, jua kali na baridi kali, lakini nyumbani kwao hajapata kumsikia mzee akisema mvua kali?

Mwanangu, "mpole" lifute leo hii. Umenieleza kwamba mabaharia wake walikuwa wakinyamaza akipita, na kwamba watoto wa pwani wakiiona kofia yake tu walitoka majini wenyewe. Sasa siku ya khitma usimame mbele ya wazee waliosafiri naye uwasomee "alikuwa mpole"? Watatazamana. Ni kweli tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa mema, na ami yako hakukosea kulikumbusha hilo. Alipokosea ni kudhani kwamba ukali si jema.

Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo litakalolijibu la kwanza.

Neno -kali lina ncha ndani yake. Makali ni ule upande wa kisu unaokata, na kisu kilichokuwa butu ukikinoa husemwa umekitia makali. Ni neno letu la Kibantu, halikuja na jahazi. Waganda nao husema mukali. Chochote kinachokata, kinachochoma au kinachopenya hadi ndani tunakiita kikali: siki, pilipili, harufu, mwanga unaopiga machoni, kiu, njaa, sumu, maumivu, hata kona ya barabara iliyokatika ghafla. Jua la utosini linachoma, kwa hiyo ni kali. Simama kwenye gati ya Mkoani mwezi wa Julai, asubuhi, upepo wa kusi, ule utokao kusini, ukiwa umeshika: unaingia kwa ukosi wa shati, unalijaza mgongoni kama tanga, na ukitoka umekuachia chumvi midomoni. Huo ni mkali. Hata baridi ya kipupwe tunaiita kali, ingawa ni nyuzi 22 hivi za alfajiri na mtu wa Njombe akituona tumevaa sweta atacheka sana. Kwetu inapenya, basi ni kali.

Mvua haikati, mvua hujaza. Ndiyo maana wazee waliipima kwa wingi na ukubwa, na kila namna wakaipa jina lake: manyunyu, rasharasha, mvua kubwa, mvua ya mawe; na kwa msimu, masika, vuli, na mchoo inayokuja katikati ya kipupwe na kuwakera wenye karafuu jamvini. Utaliona hilo hata katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hutangaza "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", na wakija kwenye mvua husema "mvua kubwa". Magazeti siku hizi yanaandika "mvua kali" na mimi simpi mwanafunzi sifuri kwa hilo, lakini sikio la mzee wa Konde linakwaruzika, na nadhani sikio lake ndilo lenye haki.

Haya, sasa babu.

Mimi nina kipimo ninachowapa vijana wanaoandika habari za watu. Lichukue neno unalotaka kumwita mtu, kisha lijaribu kwa upepo. Likikubali, basi neno hilo linataja nguvu ya kitu na namna kinavyompata anayekutana nacho, halijagusa nia. Likikataa, unataja moyo, na hapo uwe na ushahidi. Upepo mkali, sawa. Upepo mzito, sawa. Upepo katili? Labda kwa mshairi. Upepo dhalimu, upepo wenye inda, upepo wenye gubu? Hakuna asemaye hivyo, kwa sababu upepo hauna nia mbaya na mtu. Mtu ndiye mwenye nia. Ukimwita babu katili umemshitaki. Ukimwita mkali umesema tu kwamba mbele yake ulikuwa huna budi kujikusanya.

Angalia tunavyosema hata kwenye misiba. Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, midomo ilitaja upepo mkali na bahari iliyochafuka. Miezi kumi nyuma yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, imezidiwa na abiria na mizigo. Pale lawama haikwenda kwa bahari. Ilikwenda kwa watu, na maneno nayo yakageuka: uzembe, tamaa. Upepo hauwezi kuwa na tamaa.

Kipimo hiki kina mianya, nisikufiche. Korofi ni mmoja. Tunasema mtu mkorofi, na hapo tuna maana ya mtu wa shari. Lakini tunasema pia barabara korofi, safari korofi, kana kwamba barabara nayo imekaa ikipanga namna ya kututia hasara. Kavu ni mwanya mwengine, na hapa ndipo binamu yako alipoteleza. Upepo mkavu hauna kosa lolote, ni upepo usio unyevu. Mtu mkavu ni habari nyengine kabisa. Mkavu wa macho ni asiye na haya, anayeweza kukukopa, asikulipe, na kesho akakuamkia wa kwanza. Sidhani kama ndivyo alivyokuwa babu yako. Ukiliandika hilo, ami atakuwa na haki ya kuchukua kalamu.

Kuhusu "shadidi" sina ugomvi nalo, isipokuwa litakaa kwenye ukurasa wako kama mgeni aliyekuja na kanzu ya Idi siku ya kazi. Limetoka Kiarabu, na waliosoma chuoni wanalijua kutokana na shadidul-ikabi, Mwenye kuadhibu vikali, sifa ya Mwenyezi Mungu ndani ya Kurani. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nisite kumvika nahodha. Ila ndugu zake tumewazoea sana hata tumesahau nasaba. Neno "shida" ni wa mzizi huo huo. Shadda inayokaza herufi ni wa mzizi huo. Na kushtadi, neno zuri ambalo vijana wanaliacha lipotee: upepo umeshtadi, maradhi yameshtadi, ugomvi umeshtadi, yaani umefika pale ambapo huwezi tena kujifanya huuoni. Hilo litumie. Litumie kwa bahari, na shadidi uliache.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika, ningehangaika zaidi na vitenzi kuliko sifa, maana huko ndiko Kiswahili kilikoweka mtu na hali ya hewa chumba kimoja. Jua linawaka, na mtu naye "amewaka". Radi inanguruma, simba ananguruma, baba mwenye nyumba akikuta mlango haukufungwa usiku ananguruma. Maji yakitokota hufoka yakamwagika jikoni, na mtu anayepiga kelele kwa hasira anafoka vile vile. Mto ukipata maji ya masika unafura. Mtu naye amefura, umemwona mashavu. Bahari inachafuka, na baraza la watu likiingiwa na neno baya, kila mtu akatazama viatu vyake, utasikia "hali ya hewa imechafuka".

Lakini bora ya vyote kwangu ni kuchacha. Funua sufuria ya wali wa nazi uliolala na joto la kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini: juu umetoa ute, pembeni kuna vipovu vidogo, na ile harufu ya tui lililogeuka inakupiga kabla hujainama vizuri. Umechacha. Hakuna aliyeupiga wala kuuongeza kitu. Umejigeuza kutoka ndani. Sasa wavuvi wanasema bahari imechacha, na mtu akipandwa na ghadhabu asikubali kurudi nyuma amechachamaa. Neno moja limeshika wali, bahari na mwanadamu, na yote matatu ni mageuzi yanayotoka ndani, ambayo ukiwa makini unaweza kuyanusa mapema. Nahodha mzuri huinusa bahari kabla haijachacha. Naona katika barua yako umeandika kwamba babu aliwahi kukataa kutweka tanga mchana kweupe, wenye mizigo wakimpigia kelele, na jioni ile kweli bahari ikageuka. Kama ulikuwa unatafuta mahali pa kulipandisha neno hili, ndipo hapo.

Kurudi kwa utulivu nako kuna vitenzi vyake. Upepo unapoa, na hasira zinapoa. Bahari inatulia, mtu anatulia. Ikitulia kabisa ni shwari, na siku hizi hata mambo ya ofisini huulizwa kama ni shwari. Mvua inapusa, kisha kunaanuka. (Huku Pemba neno hili lina jamaa wa kazi: karafuu huanikwa, na wingu likisogea watu hukimbilia kuzianua.) Uso uliokunjwa hukunjuka. Sijapata kusikia uso "ukianuka", lakini ningependa.

Jambo ambalo watu wengi hulichanganya, na nadhani ndilo lililomfanya ami yako aogope, ni kuuweka ukali na hasira kapu moja. Hasira hupita. Hamaki ni fupi zaidi, ni ule mlipuko ambao mwenyewe baadaye hujutia. Halafu kuna harara, neno lenye nyuso mbili: ni vile vipele vidogo vinavyowatoka watoto shingoni na mgongoni wakati wa joto la kaskazi, na ni tabia ya mtu mwepesi kuwaka. Ukisema "fulani ana harara", anayesikia Kiswahili vizuri anajua kwamba neno dogo tu litamwasha, na kwamba atakuwa amesahau kabla ya adhuhuri. Harara ni ya ngozi, iko juu juu.

Ukali haumo humo. Mtu mkali anaweza kukaa mwaka mzima bila kukasirika. Wewe mwenyewe umeandika kuwa babu hakuwahi kupaza sauti chomboni, akikutazama tu. Wahenga walishalipita hilo: ukali wa jicho washinda wembe. Mwenye harara ni mtu wa malelezi, ile miezi ya katikati ambapo upepo mmoja umeaga na mwengine haujafika, hujui tanga ulielekeze wapi. Mkali ni mtu wa kusi yenyewe: unajua inatoka wapi, inakwenda wapi, na ukijipanga nayo itakupeleka. Majahazi ya Uarabuni yalikuja huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na hakuna nahodha aliyeutukana upepo kwa kuwa mkali. Waliulaani ulipokufa wakabaki wanaelea.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja, tofauti ya dhoruba, tufani na kimbunga, maana unataka kueleza safari moja mbaya ya babu. Katika mazungumzo hazina mpaka mkubwa. Dhoruba asili yake Kiarabu ni pigo. Tufani limebeba harufu ya Nabii Nuhu na gharika yake, kwa hiyo ndani yake kuna maji mengi. Kimbunga ndilo neno ambalo wataalamu wa hali ya hewa wamelitenga kwa ule mzunguko mkubwa wa baharini unaopewa jina, na huo kwetu ni nadra, kwa sababu hauzaliwi kirahisi karibu na ikweta, na sisi tuko nyuzi 5 na 6 tu kusini yake. Nadra si kamwe. Aprili 15, 1872 Unguja ilipigwa. Vyombo vikavunjika bandarini, merikebu za Sayyid Barghash, sultani wa wakati ule, zikiwamo, na mikarafuu ikang'oka kwa wingi. Pemba ilisalimika zaidi, na karafuu ikahamia huku hadi leo. Mei 2024 kilikuja kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, kikaingia nchi kavu Mafia, na safari za boti huku zikasimamishwa. Hidaya! Neno tunalolitumia kwa tunu na zawadi. Kwa safari ya babu tumia dhoruba tu, usimpe kimbunga asichokutana nacho.

Vijana watakwambia kwamba mkali siku hizi ni sifa: fundi mkali, mwimbaji mkali, "hii ni kali". Ni kweli, na inatokana na makali yale yale ya kisu, ila kwenye khitma haitakusaidia. Upande wa pili redio zimelisukuma neno kwenye siasa kali na itikadi kali, mpaka baadhi ya watu wakilisikia wanashtuka. Huenda na ami yako husikiliza sana redio.

Basi niandikeje, utaniuliza. Kwanza, usiliache "mkali" peke yake. Kiswahili kinataka kujua mkali wa nini. Mkali wa maneno ni mtu mmoja, mkali wa wakati ni mwengine, mkali wa chombo ni mwengine tena. "Babu alikuwa mtu mkali" inamwacha msikilizaji ajaze mwenyewe, na kila mtu atajaza kwa mkali wake aliyemjua: maalimu wa bakora, mama wa kambo, mwenye nyumba. Mfungie.

Pili, tumia yale uliyoniandikia mimi ukayaacha kwenye rasimu. Kwa mfano hivi:

"Babu alikuwa mkali wa chombo na wa wakati. Akisema tunang'oa nanga baada ya sala ya alfajiri, aliyefika jua limetoka alilikuta jahazi liko mbali, awe baharia au awe mwanawe. Hakufoka, hakutukana, alitazama. Msimu wa kusi uliposhtadi na vyombo vikapandishwa pwani, alipeleka mchele nyumba za mabaharia wake kabla hawajaomba."

Hapo hakuna neno la sifa isipokuwa moja, na hilo moja limefungwa pande zote. Hilo la mwanawe nimelitia makusudi. Umeniambia aliyeachwa gatini ni ami yako huyu huyu, akiwa na miaka kumi na kitu. Usimtaje jina. Msomee kwanza yeye peke yake, barazani, kabla ya watu wengine. Nina dhana kwamba "mpole" aliyoiandika si ya babu, ni ile aliyoitamani siku ile akiwa na furushi lake mkononi, na hilo ni la kwake, si la wasifu.

Tatu, dogo tu. Katika rasimu yako ya pili uliyonitumia, umejaribu kumridhisha kila mtu kwa kuandika "alikuwa mkali lakini mwenye huruma". Toa hiyo "lakini". Inaufanya ukali uwe kosa na huruma iwe fidia yake, na ndicho kitakachomwasha ami yako tena. Weka "na". Mkali na mwenye huruma. Majina ya pepo na misimu, kusi, kaskazi, masika, andika kwa herufi ndogo, na "nahodha" vile vile, isipokuwa likitangulia jina lake.